Ndiyo Ishirini na Tatu

Tangu Jumamosi, Sajenti Phanice Nabalayo alikuwa ameanza kila asubuhi kwa namna ile ile. Alimimina chai ya chupa kwenye kifuniko chake, akazitoboa karatasi za jana kwa msumari na kuzifunga kwa kamba ya faili. Nyuma ya ukuta, ndani ya mahabusu, Magidu fundi cherehani alikuwa akisali. Sauti yake ilipita chini ya mlango, nyembamba, isiyo na haraka. Nabalayo alikuwa Mkristo wa kutoka Mbale na maneno yale hakuyaelewa, lakini alikuwa amezoea kumaliza chai pamoja nayo.

Asubuhi ya Jumatano sauti ilikatika katikati.

Alingoja. Haikurudi. Badala yake vikaja viatu vya Inspekta Okwir, na Okwir mwenyewe, ameshika bunda la karatasi kama mtu aliyebeba kuku wa sikukuu.

"Weka chai yako, Sajenti. Kesi imekwisha. Kesho saa tatu Magidu anasimama mbele ya hakimu kwa mauaji, na nimemwambia hivyo sasa hivi."

"Amesemaje?"

"Hakusema. Alikuwa anaongea na Mungu, nikamkatiza." Akaliweka bunda mezani. "Nyumba ishirini na nne za mstari ule wa Walukuba. Maswali kumi kila nyumba. Konstebo Herbert amemaliza kwa siku moja. Zamani tungeandika maelezo wiki mbili. Soma swali la sita."

Fomu ilikuwa imepigwa taipu kwa Kiingereza. Okwir aliitunga mwenyewe baada ya kurudi kutoka mafunzoni, na aliipenda. Nabalayo alisoma swali la sita, akaligeuza kichwani kwa Kiswahili, kama Herbert alivyoligeuza milangoni: *Je, saa moja jioni ya Alhamisi, Magidu hakuwa kwenye cherehani yake?*

Saa moja ndiyo ilikuwa kiini cha kesi. Topista, msichana wa chuo aliyekuwa akizunguka mtaani na maswali ya utafiti, alikutwa Ijumaa alfajiri kati ya mawe ya ziwa, kichwa kimepasuka, magugu maji yamemfunika hadi mabegani. Saa yake ya mkononi ilisimama saa moja na dakika ishirini. Magidu alikuwa mkalimani wake kwa wiki mbili, akiwauliza watu maswali hayo kwa Kiswahili. Kitambaa cha kichwani cha Topista kilikutwa kibandani kwa Magidu. Yeye alisema alipewa akipinde ukingo, na kwamba jioni ile hakuondoka barazani kwake. Hata makaa ya pasi aliomba kwa jirani, Mama Namukose wa namba kumi na saba.

"Ishirini na tatu wamejibu ndiyo," alisema Okwir. "Ndiyo, hakuwa. Na huyo Namukose wake amejibu hapana. Hapana, hakuwa. Ishirini na nne kwa ishirini na nne."

Nabalayo aliinua macho. "Afande, ndiyo na hapana zote zina maana moja?"

"Kwa Kiingereza inawezekana."

"Lakini wao hawakuulizwa kwa Kiingereza. Sisi mtu akiniuliza 'Hukula?' nami sijala, nasema 'Ndiyo, sikula.' Kama nimekula nasema 'Hapana, nimekula.' Hapana inakataa swali lenyewe. Mama huyu huenda amesema: hapana, alikuwapo."

Okwir alitazama karatasi, kisha dirisha. "Mwanamke mmoja."

"Ndiye aliyetajwa na Magidu."

"Una leo tu, Sajenti. Kesho gari la mahakama likija, sitalizuia kwa sarufi."

Kabla ya kutoka, Nabalayo alipita mahabusu. Magidu alikuwa amekaa ukutani, magoti yamekunjwa. Mikono yake ilikuwa ikikunja na kukunjua upindo wa shati, kidogo kidogo, kama inayotafuta sindano.

"Afande, ni kweli? Ishirini na nne?"

"Ni kweli wamejibu."

"Hata Mama Namukose?"

Nabalayo alirudi ofisini. Alifungua kabati la vielelezo akatoa mkoba wa Topista. Ndani yake mlikuwa na karatasi za utafiti wake: maswali ishirini ya afya ya akili, ya ndiyo au hapana. *Je, unalala vibaya? Je, unashtuka kwa urahisi? Je, unalia kuliko zamani?* Swali la ishirini lilikuwa: *Je, umewahi kufikiri kuyamaliza maisha yako?* Nyumba zilikuwa zile zile ishirini na nne. Alama zilishuka upande wa ndiyo, karatasi baada ya karatasi, zimenyooka kama mshono. Kwa hesabu ya karatasi hizo, mtaa mzima ulitaka kufa.

Chini ya kila karatasi Topista alikuwa ameongeza kwa kalamu swali lake mwenyewe, la ishirini na moja: *Je, jana ulikufa?*

Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo.

Karatasi mbili tu zilikuwa na maneno pembeni, kwa penseli. Kwenye namba tisa: *Alinyamaza kwanza.* Kwenye namba kumi na saba, ambayo alama zake zote zilikuwa upande wa hapana: *Jaribu njia ya chungu. Muulize Brendah, Namatala.*

*

Konstebo Herbert alikuwa na mvi na miezi minne tu kabla ya kustaafu. Alitembea mbele ya Nabalayo kati ya nyumba za Walukuba, hapo Jinja, zile safu za wafanyakazi wa viwanda vilivyokwisha kufungwa, akionyesha milango kwa ubao wake wa kuandikia.

"Afande, mimi niliuliza vile karatasi nasema. Sikuongeza, sikupunguza."

"Najua."

"Na watu ya hapa ni wazuri. Hakuna mtu alinisumbua. Kila mtu najibu haraka."

"Hilo ndilo linalonitisha."

Alibisha mlango wa kwanza, mara tatu. Hakuwa amefungua kinywa, na sauti ya mzee ikatoka ndani: "Ndiyo, afande."

Mzee alitoka. Alisimama wima kizingitini, mikono imeachana na mwili, viganja vikionekana. Hakuna aliyekuwa amemwambia asimame hivyo.

"Mzee, Alhamisi saa moja jioni, Magidu alikuwa kwenye cherehani yake?"

"Ndiyo, afande."

"Hakuwa kwenye cherehani yake?"

"Ndiyo, afande."

Herbert alikuna shingo. Nabalayo aliitazama mikono ile iliyokuwa wazi, akauliza taratibu, "Mzee, jana ulikufa?"

"Ndiyo, afande."

Herbert alicheka. Mzee alikuwa bado amesimama vile vile, akingoja ama swali jingine ama ruhusa ya kurudi ndani.

Walipita milango saba. Yote ilijibu hivyo. Kwenye kona, Makokha, Mkenya muuza mafuta ya taa, aliwatazama kwa muda kisha akashindwa kuvumilia.

"Madam afande! Unapoteza soli ya kiatu. Hawa hata ukiwauliza kama ziwa limehamia Nairobi watakubali."

"Na wewe ungejibu nini?"

"Mimi Alhamisi nilikuwa Busia, na stakabadhi ninazo, kwa hiyo usinianze." Alifuta mikono kwenye suruali. "Miaka kumi niko hapa. Wakiongea wenyewe kwa wenyewe ni Lusoga, ni Luganda, ni lugha zote, kelele mpaka unaziba masikio. Ukiingia na Kiswahili, kimya. Kwetu Kiswahili kinaongewa, madam. Hapa kinatiiwa."

"Tangu lini?"

"Mimi niliwakuta hivyo. Uliza nani aliyekuwa anabisha milango hii zamani, na kwa lugha gani." Sauti yake ilishuka. "Hapana ina maswali nyuma yake. Ndiyo haina. Ukisema ndiyo, mtu mwenye bunduki anaondoka."

Namba tisa ilifunguliwa na mwanamke wa miaka thelathini hivi, Cissy, aliyepunguzwa kazi kiwandani mwaka uliotangulia. Alijifunga shali ingawa jua lilikuwa limeanza kuchoma. Ukutani nyuma yake raba zilining'inia kwa kamba zake, zimekauka na kukakamaa, na kwenye tundu moja la kamba kulikuwa na kishada cha mizizi myeusi, laini kama nywele.

Maswali ya Magidu aliyajibu kama wengine: ndiyo, ndiyo. Nabalayo alifika kwenye la mwisho kwa mazoea tu.

"Dada, jana ulikufa?"

Cissy hakujibu. Alimtazama Nabalayo usoni, mtu wa kwanza kufanya hivyo asubuhi ile. Herbert alikohoa. Mahali fulani nyuma ya nyumba kuku aliparua bati.

"Ndiyo," alisema Cissy. Hakuongeza afande.

Namba kumi na saba ilikuwa imetazamana na baraza la Magidu. Kibanda kilikuwa kimefungwa, cherehani imefunikwa gunia. Mama Namukose, mjane mwembamba wa miaka sitini, alikuwa akimwaga majivu ya sigiri, jiko lake la makaa. Nabalayo alikuwa amelitunga swali njia nzima.

"Mama, Alhamisi saa moja jioni, Magidu alikuwa kwenye cherehani yake?"

"Hapana."

Herbert alimtazama Sajenti wake kwa huruma.

"Hakuwa kwenye cherehani yake?"

"Hapana."

"Mama, wewe ndiye Namukose?"

"Hapana."

Nabalayo alijua jibu la swali lililofuata, lakini aliuliza, kwa sababu hilo ndilo jaribio. "Mama, uko hai?"

"Hapana," alisema Mama Namukose, akayakung'uta majivu ya mwisho, akaingia ndani.

Walirudi hadi barabarani. Hapana ile moja, ambayo Nabalayo alikuwa ameishika tangu asubuhi kama kamba, haikufungwa popote. Ishirini na tatu walikubali kila kitu na mmoja alikataa kila kitu, na kati yao hakuna aliyekuwa amejibu swali.

"Sasa, afande?" aliuliza Herbert.

"Sasa naenda Mbale."

"Leo? Kwa sababu gani?"

"Chungu," alisema Nabalayo.

*

Alifika Namatala, kitongoji cha Mbale, saa saba na nusu, mlima Wanale umevaa wingu hadi kiunoni. Brendah alikuwa nyuma ya nyumba ya mama yake, akichemsha malewa ya kuuza jioni, nyuzi za machipukizi ya mianzi zikigeuka ndani ya mchuzi mzito wa karanga. Yeye na Topista walisoma chuo kimoja na kupewa utafiti mmoja. Yeye Namatala, mwenzake Jinja. Macho yake yalikuwa yamevimba, lakini mkono ulikoroga bila kusimama.

"Mulembe," Nabalayo alimsalimu.

"Mulembe, dada. Wewe ni wa kwetu, kumbe. Nilidhani wangeleta mwenye kofia." Alimsogezea kigoda. "Ulimzika nani wewe, unavyokaa hivyo?"

"Bado sijamzika mtu. Nataka nisizike wa pili." Akamweleza juu ya Magidu, juu ya kesho saa tatu. Kisha akaitoa karatasi ya namba kumi na saba.

Brendah alisoma mwandiko wa penseli. Mwiko ulisimama.

"Alikuwa ananicheka kwa hili," alisema. "Mimi wiki ya kwanza nilipata kama yeye. Ndiyo tupu. Nikasema, aa, mimi sikuja kuhesabu vichwa vinavyoitikia. Nikaacha kuuliza. Nikawa nawaambia tu: nieleze juzi ulipika nini."

"Basi?"

"Basi. Ukimwuliza mtu 'una huzuni?' anatazama uso wako atafute jibu unalolitaka. Ukimwambia akueleze alichopika, anatazama chungu. Hana la kukupendezesha. Anakwambia kuni zililowa, mtoto alilia, yeye hakula. Siku yote inatoka, na moyo unatoka nayo." Alikoroga tena. "Lakini si kwa Kiswahili. Na si umesimama. Ukisimama wewe ni serikali."

"Topista alijaribu?"

"Alikuwa aanze Ijumaa." Brendah aliingia ndani, akarudi na barua iliyokunjwa mara nne. Hakumpa, alisoma mwenyewe, kwa sauti ndogo. "'Brendah, usiku nazisikia zile ndiyo. Nimeandika ndiyo mia nne na zaidi, na profesa atafurahi. Najua ni za uongo, nimezipima, wengi wamekiri hata kwamba walikufa jana. Lakini ninachoogopa si uongo. Ninachoogopa ni kwamba kati ya hizi zote kuna moja ya kweli, na mimi nimeitia alama ile ile kama nyingine.'"

Mvuke wa chungu ulipita kati yao.

"Aliijua ni ipi?" aliuliza Nabalayo.

"Barua ni ya Jumanne. Jumanne hakujua." Brendah aliikunja barua ikarudi kuwa ndogo. "Topista alikuwa mwoga wa maji, dada. Hata mto huu wa hapa alivuka ameshika mkono wa mtu. Mtu aniambie alifuata nini ziwani."

Nabalayo aliandika sentensi hiyo. Ilikuwa ya kwanza siku ile ambayo haikuanza kwa ndiyo wala hapana.

*

Jua lilikuwa limebaki kidole kimoja juu ya mapaa aliporudi Walukuba. Herbert alikuwa akimngoja kwenye bomba la maji.

"Kaa hapa," Nabalayo alimwambia. "Na hicho kibao kifiche."

"Nikifiche wapi, afande?"

"Kikalie."

Alivua viatu mbele ya namba kumi na saba akaketi chini, mgongo ukutani, pembeni mwa ungo wa mukene, dagaa wa ziwa. Hakusalimu kwa Kiswahili. Alisema kwa Kiluganda chake cha sokoni, kilichovunjika kila mahali, na Mama Namukose akamsahihisha salamu bila kutaka, kama mtu anavyomfunga mtoto wa jirani kifungo. Nabalayo alianza kuchambua mukene, akitoa mchanga na vipande vya magugu. Mama Namukose alimtazama vidole.

"Unaacha vijiwe," alisema hatimaye. "Vile vyeupe."

"Kwetu milimani hatuna samaki wadogo hivi."

"Inaonekana."

Wakachambua. Makaa ya sigiri yalianza kuwa mekundu. Nabalayo alisubiri hadi sufuria ilipowekwa juu.

"Nieleze Alhamisi ulipika nini, mama."

Alipita mwendesha baiskeli na vumbi lake. Mama Namukose hakumtazama Nabalayo, alitazama sufuria.

"Alhamisi? Alhamisi nilipika hawa hawa. Mchana ilinyesha, makaa yakalowa. Nilipuliza mpaka kichwa kikaniuma. Yalipokubali tu, huyu," akaelekeza kidevu upande wa pili, kwenye cherehani iliyofunikwa, "akaja na pasi yake, mdomo wazi. Mama, nitilie moto. Nikamwambia, wewe, moto haujaiva na wewe unauomba. Ngoja maji yachemke. Akarudi kwenye cherehani. Nilikuwa nasikia miguu yake kwenye pedali. Kulikuwa na sare tatu za shule, mwenyewe alitaka Ijumaa asubuhi."

Nabalayo hakuandika. Daftari lilikuwa ndani ya kiatu, mlangoni.

"Mwadhini akaita. Akatandika kitambaa hapo hapo barazani, akasali. Mimi nikajaza pasi yake wakati anasali, nikaiweka kwenye ngazi. Alipokuwa chini, amegusisha uso, yule msichana wa maswali akapita. Alikuwa anakimbia. Viatu mkononi. Alimwona Magidu anasali, akasimama kidogo, nadhani alitaka waende wote. Kisha hakungoja. Akaenda njia ya ziwa peke yake."

"Na Magidu?"

"Alimaliza, akachukua pasi, akanyoosha sare zote tatu. Mimi nilikula, nikaosha sufuria, nikafunga mlango, bado ananyoosha. Nilimwambia, Magidu, utaunguza kola. Hakutoka. Angetoka saa ngapi? Makaa yangu yalikuwa ndani ya pasi yake, na alikuwa anayatumia."

Mwadhini wa Alhamisi aliita mnamo saa moja kasoro robo. Saa ya Topista ilisimama saa moja na dakika ishirini. Mwendo hadi kwenye mawe ulikuwa robo saa. Nabalayo alipanga dakika hizo kichwani mara mbili, na mara zote mbili pasi ilikuwa ya moto na Magidu alikuwa ameishika.

"Mama, Herbert alipokuja..."

"Yule alikuja na lugha ile." Mama Namukose alikoroga kwa ncha ya mwiko. "Mwaka wa sabini na saba walikuja askari watatu na lugha hiyo hiyo. Mume wangu alikuwa nyuma ya magunia. Wakaniuliza, 'Mumeo hayuko ndani?' Nikasema, ndiyo. Ndiyo, hayuko. Si ndivyo mtu anavyojibu? Yule mkubwa wao akasikia 'ndiyo, yuko.' Akaingia moja kwa moja. Hakupekua hata kwingine." Alionja mchuzi, akaongeza chumvi. "Nilisema neno moja tu. Tangu siku ile, ukinijia na lugha ile, ndiyo haitoki. Hata ukiniuliza jina."

Nabalayo aliendelea kuchambua mukene waliokwisha kuchambuliwa.

"Hakimu akikuuliza kesho," alisema, "utamweleza hivi?"

"Ataniuliza kwa lugha gani?"

"Utakayotaka. Nitaleta mkalimani. Na nitaomba usiulizwe. Utasema ulichopika."

Mama Namukose alifikiri. "Basi nitakuja. Huyo Magidu alicheleweshwa kazi na makaa yangu, asicheleweshwe tena." Kisha, kana kwamba jambo lilikuwa limebaki sufuriani: "Lakini yule msichana hakuwa anakimbia tu. Alikuwa anaita. Alikuwa anaita jina. 'Cissy. Cissy, ningoje.'"

Nabalayo aliweka ungo chini.

Safu nzima ilikuwa imejaa moshi wa jioni na sauti za lugha zote, kama Makokha alivyosema. Mbele ya namba tisa sauti hazikuwapo. Cissy alikuwa amesimama pale na jerikeni tupu, shali mabegani, na ilionekana alikuwa amesimama kwa muda mrefu. Miguuni alikuwa amevaa zile raba zilizokakamaa. Kile kishada cha mizizi ya magugu maji kilikuwa bado kwenye tundu la kamba.

Karatasi ya namba tisa ilikuwa ndani ya mkoba. Nabalayo hakuhitaji kuitoa. *Alinyamaza kwanza.*

Aliinuka, akamwendea bila viatu. Alipofika hakuuliza kitu. Alitafuta neno la Kiluganda la kumwambia mtu akae, akalikosa, akakaa mwenyewe kwenye ngazi. Cissy alibaki amesimama. Alipoanza, alianza kwa Kiswahili kile kile cha milangoni, akikichagua polepole, neno moja baada ya jingine.

"Mimi sikumsukuma."

Nabalayo aliitikia kwa kichwa.

"Mimi nilikuwa tayari ndani ya maji. Hapa." Aligusa kifua. "Yeye aliingia. Alikuwa anaogopa, analia, lakini aliingia. Alinishika nguo, alinivuta mpaka mawe. Mimi nilipanda. Yeye alinisukuma nipande. Halafu jiwe lile lina utelezi, na yeye... sauti ilikuwa moja tu. Nilimwita. Magugu yalifunga." Jerikeni ilianguka, ikabingirika hadi kwenye mfereji. "Asubuhi walimkamata Magidu. Yule konstebo alikuja na karatasi. Alisema, hakuwa kwenye cherehani? Na mimi nilisema ndiyo. Kila mtu alisema ndiyo."

"Najua."

"Hujui, afande. Hata yule msichana alipokuja na maswali yake, kila mtu alisema ndiyo. Swali la ishirini, lile la kuyamaliza maisha, mtaa wote ulisema ndiyo." Cissy alimtazama usoni, kama asubuhi. "Mimi nilimaanisha."